Viungo vya jikoni Beni na Butembo: sashe ndogo, pesa mingi, takataka mingi

Fika soko kuu la Butembo, ao soko la Kilokwa kule Beni, saa ya jioni wakati wamama wanarudi kutoka shamba na kazi. Mbele ya muuzaji wa viungo utakuta vifurushi vidogo vya plastiki vimefungwa fundo, na ndani ya kila kimoja mna kijiko kimoja ao viwili vya pilipili ya unga, kari, manjano ao pilipili manga. Mnunuzi anachukua viwili vitatu, anafika nyumbani, anapasua fundo na meno, anamwaga ndani ya chungu, na sashe inaanguka pale pale karibu na jiko. Kesho yake ni vile vile.

Sashe moja haionekani kuwa shida. Lakini nyumba inayofungua sashe mbili za viungo kwa siku imetupa zaidi ya 700 kwa mwaka mmoja, na hatujahesabu zile za chumvi, za sukari, za mafuta na za mkate. Mvua ikinyesha zinasukumwa ku mifereji, mifereji inaziba, maji yanapanda ku barabara na kuingia ndani ya nyumba za watu. Zingine zinafika ku mto Kimemi, ule unaopita ndani ya mji wa Butembo. Na zile zinazobaki katika lupango, sote tunajua kazi yake: asubuhi zinawasha makala. Plastiki inashika moto haraka, ni kweli, lakini moshi wake uko na sumu, na anayeuvuta wa kwanza ni mama mwenye kuinama juu ya babula, pamoja na mtoto aliye mgongoni.

Kuna watu watashangaa kusikia kwamba sashe hizi zimekatazwa katika nchi yetu. Amri ya serikali nambari 17/018 ya tarehe 30 Desemba 2017, iliyotiwa sahihi na Waziri Mkuu wa wakati ule, Bruno Tshibala, inakataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko ya plastiki, sashe na vifungio vingine vya namna hiyo. Ilipaswa kuanza kufuatwa mwaka 2018. Majirani wamepita njia hiyo pia: Rwanda tangu 2008, Kenya mwezi wa Agosti 2017, Tanzania mwezi wa Juni 2019. Anayevuka kwenda Kigali anajua namna wanavyopekua mizigo ku mpaka. Hapa kwetu amri iko ku karatasi, na sashe iko ku meza ya soko.

Juu ya nini? Wengine wanasema ni juu ya serikali kulala. Ni kweli kwa upande mmoja. Lakini tukiangalia mfuko wa mnunuzi tutaona sababu ingine: sashe ndogo inaenda sawa na pesa ya siku. Mutu anayepata pesa jioni na kuitumia jioni ile ile hawezi kununua gramu 200 za kari. Ananunua kile ambacho noti yake inafika. Kumkemea mama huyu kwamba anaharibu mazingira, bila kumwonyesha njia ingine isiyomgharimu zaidi, ni kupoteza maneno.

Tufanye hesabu kidogo

Hapa ndipo sashe inatudanganya. Tuseme, kwa mfano tu, sashe moja ya pilipili ya unga ni franka 200 na ndani mna gramu 5. Ili upate gramu 100 unahitaji sashe 20, ni kusema franka 4.000. Kama muuzaji yule yule anapima gramu 100 kwa franka 2.500, umelipa franka 1.500 zaidi kwa pilipili ile ile, na umerudi nyumbani na vipande 20 vya plastiki. Bei zinabadilika, kwa hiyo usishike hesabu yetu. Fanya yako: nunua sashe kumi, ingia ku butiki yenye mizani, uzipime zote pamoja, kisha uulize bei ya kilo. Wengi wakifanya hivyo wanashangaa, juu vijiko vya soko havilingani. Kuna kijiko kilichojaa, na kuna kijiko ambacho muuzaji amekipitisha kidole juu.

Kwa mwenye pesa kidogo kuna dawa ambayo tunaijua tangu zamani: likelemba. Wamama wetu wanachanga pesa kwa ajili ya sabuni, kwa ada ya shule, kwa vitambaa vya arusi. Vikundi vya AVEC viko karibu kila kartie. Basi wamama watano wa lupango moja wanaweza kuchanga na kununua kilo moja ya pilipili kavu, nzima nzima, kisha kila mmoja anachukua gramu 200 ndani ya chupa yake. Hiyo gramu 200 inaweza kumfikisha mbali kuliko anavyofikiri, kwa sharti moja: aitunze vizuri. Kama itaoza ao itapoteza harufu, afadhali angebaki na sashe zake.

Kitu gani kinaua kiungo

Harufu na utamu wa kiungo vinatoka ku mafuta mepesi yaliyo ndani yake. Mafuta hayo yanaruka. Ukifungua chupa na kusikia harufu nzuri puani, jua kwamba kidogo kimekwisha kuondoka. Hewa, mwanga, joto na maji ndivyo vinavyoyamaliza, na jiko letu liko na vyote vinne.

Kiungo kizima kimejifungia mafuta yake ndani. Karafuu nzima, mbegu za iliki ndani ya ganda, pilipili manga ambayo haijasagwa, kipande cha mdalasini: vinaweza kukaa miaka miwili ao zaidi na bado vina nguvu. Ukivisaga, unafungua mlango kila mahali kwa wakati moja, na kisha miezi michache unga unabaki na rangi tu. Ndiyo maana ushauri wa kwanza ni kununua kizima na kusaga kidogo kidogo nyumbani, kwa kinu ao ku jiwe. Kiungo kizima kinasaidia tena kwa kitu kingine: kinaweza kupimwa bila plastiki. Mdalasini na karafuu havimwagiki. Unaweza kuvifunga ndani ya karatasi safi ao ndani ya kitambaa na ukafika nao.

Beni na Butembo haviko na shida moja. Butembo iko juu ku milima, karibu mita 1.700 na kupanda, kuna baridi na ukungu wa asubuhi. Adui mkubwa kule ni unyevu. Chumvi inalowa, kari inashikana kama udongo. Beni iko chini zaidi na joto ni kali. Kule mafuta ya kiungo yanaruka mbio, zaidi sana chini ya mabati. Mama wa Butembo aangalie sana kifuniko. Mama wa Beni aangalie kivuli: chupa zikae chini ndani ya kabati ao ndani ya sanduku, mbali na dirisha, na zisiwekwe juu ya ukuta karibu na mabati. Na kwa wote wawili, mbali na babula.

Kosa linalofanywa karibu katika kila jiko ni kutikisa chupa ya kiungo juu ya chungu kinachochemka. Mvuke unaingia ndani ya chupa, unga unalowa, ukungu unaota. Mimina kwanza ku kijiko, kijiko kikavu, kisha ndani ya chungu. Ndani ya chumvi unaweza kutia mbegu chache za mchele mbichi, zinavuta maji.

Vanila inatufundisha

Kuna jambo moja linanishangaza. Sisi watu wa Beni, wa Oicha, wa Mangina, tunalima moja ya viungo vya bei kubwa kabisa duniani, na tunajua kukitunza kwa ustadi mkubwa. Kisha tunarudi jikoni na kufunga pilipili yetu ndani ya sashe yenye maji.

Mkulima wa vanila anajua. Ua linafunguka siku moja tu, na yeye mwenyewe analitia mbegu kwa mkono na kijiti. Anangoja karibu miezi tisa. Vanila ikivunwa haina harufu, ni kama maharagwe mabichi. Inatumbukizwa ndani ya maji ya moto ya nyuzi karibu 65 kwa dakika kama tatu, inafungwa ndani ya malangeti ili itoe jasho, inatolewa ku jua mchana na kurudishwa ndani ya malangeti jioni, majuma kwa majuma. Kisha inalala miezi ndani ya masanduku ya mbao yenye karatasi ya nta. Kilo tano ao sita za vanila mbichi zinabaki kilo moja. Na wakati wote huo mtu anapita, anafungua, anaangalia moja kwa moja, na ile iliyoanza kuota ukungu anaitoa haraka kabla haijaambukiza zingine.

Ndani ya kazi hiyo mna karibu kila kitu ambacho jiko linahitaji. Kausha kabisa kabla ya kufunga. Funga ndani ya kitu kinachozuia mwanga. Fungua na kuangalia kila mara. Ukiona kimoja kimeharibika, usikichanganye na vizuri ukisema ni kidogo tu.

Pilipili yako ya nyumbani inataka hivyo hivyo. Chuma iliyoiva, uioshe, uipanguse, uitandaze juu ya mkeka ao kitambaa safi kilichoinuliwa kutoka chini. Pilipili inayokaushwa kando ya barabara inakula vumbi na moshi wa magari pamoja na jua. Jioni iingize ndani, umande usiikute. Imekauka vizuri wakati ukiitikisa mbegu zinalia ndani, na kishina chake kinavunjika badala ya kupinda. Tangawizi, ile wengine wanaita tangausi, ikate vipande vyembamba. Ikikauka inavunjika kama biskuti. Kipande kinachopinda bado kiko na maji, na maji ndiyo nyumba ya ukungu.

Ukungu huu si jambo la kucheka. Kuna aina ya ukungu inayotoa sumu inayoitwa aflatoksini, inayoharibu ini na kuleta kansa yake. Inapatikana sana ku karanga na mahindi, na pia ku pilipili na tangawizi zilizokaushwa vibaya. Kupika hakuimalizi. Kama pilipili iko na madoa meusi ao ya kijani yenye manyoya, ao inanuka kama ghala lililofungwa muda mrefu, itupe yote. Usichague iliyobaki, usiwape kuku.

Chupa gani, kopo gani

Huna haja ya kununua chombo kipya. Chupa za kioo za kahawa, za mayoneze, za konfitiri, makopo ya maziwa ya unga ya mtoto, vyote ni vizuri. Kioo ni bora juu hakishiki harufu na kinaoshwa kikatakata. Lakini kinapitisha mwanga, basi kiweke ndani ya kabati ao ukizungushie karatasi. Kopo la chuma linazuia mwanga, ila liangalie lisiwe na kutu ndani. Osha kwa maji ya moto na sabuni, anika juani na kifuniko kikiwa wazi mpaka likauke kabisa, hata siku mbili kwa wale wa Butembo. Chupa ikikataa kuachia harufu ya zamani, weka ndani kipande cha makala kavu, ufunge, ungoje siku mbili tatu.

Lakini chupa ao bidoni iliyowahi kubeba dawa ya shamba, ile ya kupulizia kakao ao nyanya, usiiguse kabisa kwa chakula. Hakuna sabuni ya kuitakasa.

Siku ya soko, beba vyombo vyako viwili vitatu ndani ya kikapu. Wauzaji wengi hawatakataa: sashe wanainunua kwa pesa yao, kwa hiyo ukileta chupa yako umemwokolea kitu. Mwombe matabishi kwa ajili ya hiyo! Na yeye muuzaji anaweza kuwa na kijiko kimoja cha kipimo, kinachojulikana na wote, apimie ndani ya chupa ya mteja hata kwa franka 200. Hapo mwenye pesa kidogo pia anaondoka bila plastiki. Wale wanaofikiri kwamba biashara bila sashe haiwezekani wakumbuke kwamba wazee wetu walifanya biashara ya chumvi kutoka Katwe, ng'ambo ya ziwa Eduardi, na plastiki ilikuwa haijazaliwa. Jani la mgomba likipitishwa juu ya moto linalainika na kufunga vizuri vitunguu saumu, tangawizi mbichi ao pilipili mbichi. Kwa unga halifai, juu liko na maji ndani.

Kununua unga kuna hatari yake. Ku unga mwekundu mtu mbaya anaweza kuchanganya vumbi la tofali, unga wa mahindi ao rangi. Jambo hili si la Afrika tu: mwaka 2005 huko Uingereza vyakula vya aina zaidi ya 400 viliondolewa madukani juu pilipili ya unga iliyokuwa ndani yake ilikuwa na rangi ya viwanda inayoitwa Sudan 1, ambayo hairuhusiwi ku chakula. Nyumbani unaweza kujaribu kidogo: tia kijiko cha unga ndani ya glasi ya maji, usikoroge, ungoje. Mchanga na vumbi la tofali vinashuka mbio chini, na ukisugua kwa vidole utasikia vinakwaruza. Rangi ya viwanda haionekani kirahisi hivyo. Njia ya uhakika ni kununua pilipili nzima na kuisaga mwenyewe.

Na kuna viungo ambavyo hatuhitaji kununua. Mti mmoja wa pilipili ndogo kali ndani ya ndoo iliyotoboka unalisha nyumba, na ukitunzwa unazaa miaka kadhaa. Seleri inakubali ku baridi ya Butembo hata ndani ya bidoni iliyokatwa. Tangawizi inakubali ndani ya gunia lenye udongo na mbolea ya jikoni, ila inataka uvumilivu wa miezi minane hadi kumi. Unachuma kile cha leo tu, na hakuna cha kufunga.

Wale walioacha nyumba zao

Tunajua kwamba wasomaji wengine watasema: kabati gani, ndoo gani ya pilipili? Tangu mwaka 2014 mauaji katika wilaya ya Beni yamefukuza watu kutoka vijiji vyao, wengine mara mbili, mara tatu. Wengi wanalala kwa ndugu ao katika nyumba za kupanga, chumba kimoja kwa watu wanane. Mashamba ya pilipili na vanila yamebaki porini. Mutu ambaye hajui kama atalala hapa mwezi ujao hawezi kuweka akiba ya chupa kumi, na hakuna mwenye haki ya kumhukumu kwa sashe anayonunua.

Kwake yeye tunashauri kopo moja tu, dogo, lenye kifuniko kinachobana. Twanga pilipili kavu pamoja na chumvi kavu, sehemu moja kwa mbili ao kadiri ya kinywa chako, na uongeze tangawizi kavu kama ipo. Chumvi inasaidia kuzuia ukungu, mchanganyiko unakaa majuma mengi, na kopo linaingia ndani ya mfuko wa nguo. Mboga ya sombe ao lenga-lenga inapata ladha bila kununua sashe kila jioni. Wenye nyumba wanaopokea wageni wanaweza kuwapa nafasi ndogo ya lupango kwa mti mmoja wa pilipili. Haiombi mahali pakubwa kuliko kiti.

Inabaki swali la viungo vilivyokwisha nguvu. Sugua kidogo ndani ya kiganja na unuse: kama hausikii kitu, chungu pia hakitasikia. Kama havina ukungu, usivitupe barabarani. Vitie ku mbolea ya shamba. Pilipili ya zamani ichanganye na majivu na uimwage katikati ya maharagwe ya mbegu, vidudu vitasita kuyatoboa. Ila andika ku gunia kwamba ni mbegu, na kama siku moja njaa itawalazimisha kuyapika, yaosheni mara tatu.